Kikapu kwa Jina la Athmani

Kisauni, Mombasa
Ijumaa, mwezi wa Rajabu

Baba yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa ile ya mwezi uliopita ambayo sikuileta. Goti lasemaje? Mama amenieleza kwamba sasa waenda msikitini kwa fimbo, lakini ukikaribia watu waificha fimbo ubavuni kama kitu cha kuokota. Ishike fimbo, Baba. Hapa Kisauni wazee wasioshika fimbo ni wale wasiotoka nyumbani. Sisi huku ni wazima. Mvua za vuli zimenyesha kidogo, paa langu linavuja pembe ile ile ya mwaka jana, na kile kifua kilichonisumbua kimetulia. Baiskeli nimeiuza, kwa hiyo nikiitwa mjini navuka daraja la Nyali kwa miguu.

Habari ya barua hii ni moja, na nitaisema sasa hivi usije ukaitafuta katikati ya mistari. Rukia wetu alishtaki kwa kadhi, akaomba ndoa yake na Athmani ifasakhiwe, kadhi aivunje. Najua ulimwandikia angoje. Amengoja. Nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujachukua kalamu, maana nakujua.

Kwanza nijibu swali lako, kwani bila jibu lake haya mengine hayataeleweka. Umeuliza kama ni kweli kwamba bendera ya Sultani ikishuka, kadhi naye atashuka pamoja nayo. Hapa jambo hilo limesemwa mwaka mzima. Waliotaka Mwambao ujitenge walilisema kwa hasira, na waliotaka tuungane na bara walilisema kwa kutucheka. Mimi nakueleza nilichokiona ofisini. Maafikiano yametiwa saini. Sultani anaiachia Kenya ukanda wake wa pwani, na Kenya inaahidi kwamba kadhi atabaki, ahukumu baina ya Waislamu katika ndoa, talaka na mirathi. Liwali na mudiri, maofisa wengine wa Sultani, hawana ahadi kama hiyo. Mudiri wetu wa Kisauni amekwisha kuanza kuuliza watu nani ataka kabati la ofisi.

Babu alikuwa akitusimulia zama ambazo kadhi alihukumu kila kitu: mwizi, mdaiwa, mpaka wa shamba, hata ng'ombe aliyekula mtama wa jirani. Waingereza walipokuja hawakumwondoa. Walimwacha na kilemba chake na kiti chake, wakaanza kumpunguzia kazi. Wezi na wapiganaji wakaenda kwa liwali na mahakimu. Mashamba yakaenda kwa afisa wa hati. Wewe ulipokuwa karani wa kadhi huko Lamu bado uliwahi kuandika mambo ya madeni madogo. Mimi nimekuta ndoa, talaka na mirathi tu. Ni kama mwenye nyumba aliyepangisha chumba kimoja kimoja, mwishowe yeye mwenyewe akabaki na kile cha uani. Sasa tunashangilia kwa kuwa imeandikwa katika katiba kwamba cha uani hakitachukuliwa. Sisemi si kitu. Wako waliotaka hicho nacho kiende. Nasema tu tujue tunachoshangilia.

Na kuna jambo ambalo wewe hukulikuta kwa uzito wa sasa. Ulilifunga daftari lako la Kiarabu kwa kamba, ukaliweka rafuni, na mambo yakaisha. Mimi napiga taipu nakala tatu. Moja hukaa kwetu, moja hupewa mwenye kesi, na moja husubiri, maana asiyeridhika aweza kukata rufani kwa jaji wa Kizungu, naye kadhi mkuu hukaa ubavuni mwake kumshauri. Jaji hamjui mtu. Anajua faili. Ndiyo sababu kadhi wetu, mtu mpole na mcheshi, siku hizi kila aulizapo swali huuliza kama kwamba yule jaji ameketi nyuma ya bega lake.

Basi kwa uvumi huo wa kwamba kadhi anaondoka, baraza imejaa wanawake. Kila Jumanne kadhi huvuka daraja kuja kukaa hapa Kisauni katika korti ya mudiri, na tangu maafikiano nikifika kufungua mlango nawakuta wameshapanga foleni ukutani, na majamvi yao wamekuja nayo. Mmoja aliniambia, "Mwanangu, niandikia leo. Huyu yuwaondoka, na huyo ajaye hatumjui." Nikamweleza kwamba kadhi haondoki. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto wa shule.

Jumanne moja katika foleni hiyo, wa nne kutoka mlangoni, alikuwa dada yangu Rukia. Asubuhi ile nilikunywa naye chai na hakuniambia neno.

Athmani unamjua, ulimpokea mwenyewe alipokuja Lamu kuposa, na wewe ndiye uliyesema ana adabu. Kweli alikuwa nayo. Alipata kazi ya ubaharia katika meli ya mizigo, akapanda Kilindini, na huu ni mwaka wa saba. Mwaka wa kwanza ilikuja barua moja kutoka Bombay. Baada ya hapo, kimya. Baharia mmoja aliyerudi alisema amemwona Basra. Mwenzake akasema yule wa Basra alikuwa mtu mwingine, mrefu zaidi. Hatujui zaidi ya hayo. Rukia amekaa miaka yote hii kwa mama mkwe wake, Bi Nuru, ambaye mwana wake ni mmoja tu. Rukia hushona kofia, Bi Nuru hupika mkate wa sinia wa kuuza, na jioni huketi wote wawili barazani wakiwasengenya wapitao. Wapendana. Ingekuwa wanagombana kazi yangu ingekuwa nyepesi.

Sheria yetu ya Kishafii waijua kuliko mimi. Mke wa mtu asiyejulikana aliko hafunguliwi kwa sababu eti amechoka. Lakini kama hakuachiwa nafaka, yaani matumizi yake, wala hakuletewa, wala mume hana mali ya kuchukuliwa, kadhi aweza kufasakhi. Kwa hiyo swali la kesi ya Rukia lilikuwa dogo kabisa: Athmani ameleta kitu, au hakuleta?

Hapa ndipo naingia mimi, Baba, na sitajitetea.

Waijua desturi. Mume aliye safarini, Ramadhani ikiingia, hupeleka futari kwa mkewe: kikapu kipya cha ukindu, tende, mchele, sukari, tambi, na leso juu yake. Ramadhani ya kwanza baada ya Bombay, mtaa mzima ulitazama mlango wa Bi Nuru kuona kama kitaingia kitu. Bi Nuru akanunua vitu mwenyewe, akakijaza kikapu, akampa jirani. Kikapu kikatoka mlango wa uani, kikazunguka mtaa, kikaingia mlango wa mbele wa nyumba ile ile. Na ili mambo yawe kamili akaniita mimi, ndugu wa mke, mtu wa hati nzuri, nikaandika kijikaratasi: "Kwa mke wangu Rukia. Pokea futari yako. Mumeo, Athmani."

Niliandika. Na mwaka wa pili niliandika. Karatasi ziko sita. Kila mtu wa Kisauni alijua, Rukia mwenyewe alijua tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyetamka. Ndiyo sitara uliyotufundisha wewe kwenye chuo cha Kurani: mfunike mwenzio nawe utafunikwa. Sikuona kama nasema uongo. Niliona kama namshikia Bi Nuru mwavuli.

Na mimi ndiye ninayewaambia wanawake wote pale mlangoni, "Njoo na kila karatasi uliyo nayo, usiache hata moja." Rukia ni mtu wa kusikiza. Alikuja na kopo la biskuti, na karatasi zote zimo.

Kadhi alimuuliza kwa taratibu, huku mimi naandika.

"Mumeo amekuletea nafaka tangu alipoondoka?"

"La, Sheikh."

"Hata kidogo? Hata tende?"

Rukia akanyamaza. Angeweza kusema la mara ya pili, na ningeandika la, na kesi ingekwisha kabla ya adhuhuri. Lakini alikuwa ameapa.

"Kila Ramadhani chaja kikapu," akasema.

"Kwa jina la nani?"

"Kwa jina la Athmani."

Kadhi akanyoosha mkono, akapewa zile karatasi, akazipanga mezani moja moja. Hakuwa na haja ya kuuliza. Hati yangu huisoma kila siku. Hata hivyo aliuliza, kwa sababu ya yule aliye nyuma ya bega.

"Lali, hii ni hati ya nani?"

"Yangu, Sheikh."

"Basi weka kalamu."

Nikaiweka. Mwenzangu Hamisi, karani wa mudiri, akaitwa kutoka chumba cha pili kuja kuandika mahali pangu, nami nikaenda kusimama upande wa pili wa meza ninayoikalia. Baba, miaka tisa nimewaona watu wakisimama pale, na sikujua kwamba ubao wa sakafu mahali pale unacheza. Niliona haya hata masikio yakawaka.

Kadhi alisema, "Mimi ni mtu wa pwani. Nilipoliona lile kopo nilijua kikapu ni cha nani. Lau faili hii ingekuwa yangu peke yangu ningezirudisha karatasi hizi koponi. Lakini ikifunguliwa huko juu, jaji ataona mara sita kwamba mume ameleta futari, na atauliza: nafaka yaja kila mwaka, kadhi amefasakhi kwa lipi? Na hawa wa serikali mpya wanaokuja mwezi ujao watatutazama kama tunajua kazi tuliyoachiwa. Mwenye kikapu na aje aseme mwenyewe. Jumanne."

Kisha akanikemea mbele ya foleni nzima kwamba karani haandiki kwa jina la mtu asiyekuwapo, hata kwa wema. Ni haki yake.

Alasiri ile nilikwenda kwa Bi Nuru. Alikuwa uani, ameupalia mkate makaa juu na chini, jicho lake kwenye sinia. Rukia alikaa karibu na mlango na kofia yake. Nikaeleza yote, pole pole, kama ninavyowaeleza watu kazini. Bi Nuru alinisikiza mpaka mwisho.

"Wataka ninene mbele za watu kuwa mwanangu hakuleta kitu?"

"Kadhi ataka useme kikapu ni chako tu, Bi Nuru."

"Si ndilo hilo?" Akaondoa makaa juu ya sinia kwa koleo, akayarudisha. "Sikiza, Lali. Kikapu madamu chaja, yuko akitumaye. Siku nitakayosema ni changu, mwanangu nimemzika, na maiti sijaiona."

"Hakuna asemaye amekufa."

"Wewe hujazaa."

Akapepea makaa, akaendelea. "Na wewe uliandika. Mara sita. Hukunambia kuwa karatasi zauma."

"Sikukwambia. Nilipaswa kukwambia."

Nilimgeukia Rukia, nikamwambia, labda kwa ukali, aseme neno, kwani kesi ni yake. Akaweka kofia magotini. Haya ndiyo aliyosema, na nayaandika vile vile kwa sababu najua ndiyo utakayotaka kuyajua.

"Bibi alipofariki nilifunga nguo nije Lamu kumzika. Ami zake Athmani wakauliza, kwa ruhusa ya nani? Nikakaa. Nikiugua, watu waniuliza Athmani asemaje. Ndiani naitwa mke wa Athmani, na Athmani hayuko. Mimi simtaki mume mwingine, Lali, kama ndiyo mnayofikiria. Nataka kujua kama nina mume au sina. Lakini mama huyu asilazimishwe. Kama hawezi kusema, nitakaa hivi hivi."

Bi Nuru hakuinua uso. Aliugeuza ule mkate, na ulikuwa umeungua upande mmoja. Sijapata kuona mkate wa Bi Nuru ukiungua. Niliondoka nimewakasirikia wote wawili, na mimi mwenyewe zaidi.

Wiki ile Bi Nuru hakuniletea chakula kama kawaida yake. Nilikula hotelini, maharagwe na chapati za mtu wa bara ambaye hupika vizuri na huuliza maswali mengi. Aliniuliza kwa nini Waislamu wana korti yao na yeye hana. Nikamwambia naye ana wazee wa kwao na korti za Kiafrika, na kwamba Mwingereza alipenda kila mtu ahukumiwe kwa mila yake madhali yeye ndiye anayesikiliza rufani. Akacheka. Akasema serikali mpya itafanya korti zote kuwa moja. Nikamwambia zote, ila chumba kimoja. Hakuelewa, na mimi sikuwa na moyo wa kueleza.

Jumanne ikafika. Kesi ya Rukia ikaitwa, Bi Nuru hayupo. Kadhi akasikiliza kwanza mirathi ya watu wa Mtopanga. Ikaisha, hayupo. Akasikiliza talaka moja ambayo wenyewe walipatana hapo hapo wakarudi nyumbani pamoja. Hayupo. Rukia alikuwa ameketi na kopo lake. Kadhi akaangalia saa, akamwambia Hamisi aandike kuwa shahidi hakutokea.

Hamisi alikuwa bado anatafuta ukurasa Bi Nuru alipoingia. Alivaa buibui lake la harusini, na ubani ulimtangulia mpaka mezani. Alipewa kiti, akakikataa.

"Wewe ni nani kwake Athmani?"

"Mamake."

"Vikapu hivi vilitoka kwa nani?"

"Kwangu."

"Vyote sita?"

"Vyote. Tende nalinunua mimi, mtele nalinunua mimi. Lali aliandika nilivyomwambia. Mwanangu hakuleta kitu."

Akaapa, Wallahi. Kadhi akamuuliza tena, kwa sauti ya chini, na hili nadhani hakulihitaji kwa ajili ya jaji yeyote:

"Hakuleta, Bi Nuru, au hakuweza kuleta?"

"Sheikh, hilo ukilijua wewe, nambia."

Kadhi alifuta miwani. Bi Nuru alikuwa amegeuka aende zake, kisha akarudi hatua mbili na kumnyooshea kidole Hamisi.

"Andika na hili. Athmani si mtu mbaya."

Hamisi akamtazama kadhi. Katika ushahidi wa nafaka maneno hayo hayana kazi yoyote.

"Andika," kadhi akasema.

Yamo katika nakala zote tatu. Siku yakifunguliwa huko juu, jaji atashangaa, na kadhi mkuu atalazimika kumweleza.

Ndoa imefasakhiwa, Baba. Ulipofika wakati wa muhuri, Rukia aliuliza kama muhuri ule wa taji utafaa baada ya Uhuru, au angoje mpya. Watu wakacheka. Kadhi hakucheka. Akamwambia utafaa, akaupiga yeye mwenyewe, na akaupiga tena karatasi ya pili kwa sababu ya kwanza wino ulikuwa mwembamba. Mimi nilikuwa nje kwa kuwa nilikuwa shahidi, haya yote ya Jumanne ile nimesimuliwa na Hamisi.

Sasa Rukia yu katika eda, na anaikalia pale pale kwa Bi Nuru, kwani sheria na mapenzi vyote vimemtaka hapo. Akimaliza atakuja Lamu, na hatauliza ruhusa ya mtu ila yako. Wewe ni walii wake. Nakuomba ukimpokea usimtajie subira. Alikuwa nayo kuliko sisi sote, na siku ile aliponyamaza kabla ya kutaja kikapu ndipo nilipojua umelea mtu mkweli. Mimi nisingeweza.

Kuhusu shauri lako kwamba niache kazi nirudi kufundisha chuo, kwa sababu kadhi anayekula mshahara wa serikali si kadhi: nimelifikiri. Wote uliowajua wewe walikula mshahara wa serikali, na wewe ulikula wako. Nimeulizwa kama nitaendelea chini ya serikali mpya, nami nimesema ndiyo. Itakapokuja bendera nyingine wanawake watakuwa pale pale ukutani na majamvi yao, na lazima awepo mtu wa kuwaandikia. Nimeacha tu kuwaambia walete kila karatasi. Sasa nawauliza kwanza ni karatasi gani.

Mpe Mama salamu zangu, umwambie achari ya embe ilifika na chupa haikuvunjika. Nisalimie kaka yangu mkubwa fundi seremala, na mkewe aliyejifungua. Nisalimie shangazi wa Langoni mshona kanzu, umwambie ile kanzu yanitosha mabegani lakini amenikadiria tumbo ambalo bado sijalipata. Na mwadhini wetu, rafiki yako, mwambie nilimwombea.

Nilikuwa nafika mwisho hapa, Baba, Bi Nuru akaingia. Ni mara ya kwanza kuja kwangu tangu siku ile ya mkate. Amekuja na sahani ya wali, amefunika, akaiweka mezani, akaomba kuiona nakala ya hukumu. Herufi hizi za Kizungu hazijui. Aliishika kwa mikono miwili akaitazama tangu juu hata chini, mpaka kwenye muhuri.

"Hii ndiyo iliyomfungua Rukia?"

"Ndiyo, Bi Nuru."

"Mke akingoja, kadhi humfungua. Na mama akingoja?"

Nikamwambia korti haina hukumu ya namna hiyo.

"Hii iondokayo, au hiyo ijayo?"

"Zote mbili."

Akairudisha karatasi, akaisawazisha kwa kiganja kama anayeondoa unga. Kisha akaniuliza ninamwandikia nani, nikamwambia wewe. Akasema, "Basi niulizia babako, yeye amesoma. Nikimaliza kusali, Athmani nimwombee kama aliye hai, au nimrehemu kama maiti? Maana nimekuwa nikifanya yote mawili, na sijui kama yapokelewa."

Nimemwambia wewe utajua. Nimesema hivyo kwa kuwa mimi sijui. Ameketi kitini hapa mbele yangu, wali unapoa, na hataki kuondoka mpaka aone nimeliandika swali lake. Nimeliandika.

Mwanao,
Lali